Mshika Kamba

Watu wanapenda sababu. Waambie mtu fulani amechoka kuishi, uone watakavyouliza: ameachwa? Kafukuzwa kazi? Karogwa? Nanga hakuwa ameachwa, kazi alikuwa nayo, na kama kuna mchawi aliyemroga basi alikuwa mchawi mvivu, maana hata hamu ya kula hakumwondolea. Alikuwa na kifua kipana, mikono kama michi, chumba chake cha kupanga, mama yake mzima na dada yake mdogo kaolewa vizuri. Na kila siku ya Mungu, jamani, kila siku, alikuwa anafikiria kufa.

Halikuwa wazo la kilio. Watu wanadhani mtu wa namna hiyo analia kutwa, amejifunika shuka. Kwa Nanga wazo lilikuja akipiga mswaki. Lilimjia akitafuta soksi ya pili, au akingoja maji yachemke. Lilikuwa kama mpangaji aliyehamia bila kubisha hodi: halipi kodi, halisemi na mtu, lakini kila ukifungua mlango unalikuta limekaa kwenye kiti chako. Nanga hakulipenda, hakujua pia namna ya kulifukuza. Alikwenda nalo kazini akarudi nalo. Na alikuwa mtu wa mizaha mingi, kwa sababu mwenye mgeni kama huyo nyumbani hujifunza kuwachekesha watu ili wasimtazame sana usoni.

Mahali pamoja tu ndipo lilipokuwa haliingii, napo ni kwenye kamba.

Yeye na shemeji yake walikuwa wapaka rangi wa majengo marefu. Shemeji huyo, mume wa dada yake, kazini walimwita Mjusi, na ungemwona anavyotambaa ukutani usingeuliza kwa nini. Mwembamba, mwepesi, hajui kizunguzungu ni nini. Mjusi alikaa juu ya kibao kama cha bembea, mkanda kiunoni, ndoo ya rangi ikining'inia ubavuni. Kamba ya kibao ilipanda mpaka kwenye kapi lililofungwa juu ya paa, ikazunguka, ikashuka hadi chini kabisa, na huko chini ndiko alikokuwa Nanga. Aliizungusha mara mbili kwenye nguzo fupi ya chuma, mkia wake akaupitisha nyuma ya kiuno, akashika. Akilegeza, Mjusi anashuka. Akivuta, anapanda. Akiachia, dada anabaki mjane.

Wenye kazi ile walikuwa na desturi yao. Kabla miguu ya mpandaji haijaacha ardhi, anauliza, "Upo?" Na mshika kamba sharti ajibu kwa mdomo, si kwa kutikisa kichwa: "Nipo." Bila neno hilo hapandi mtu, hata bosi afoke mpaka mishipa imtoke. Saa nyingine yoyote ya siku ungemuuliza Nanga kama yupo, angesita kidogo kabla ya kukujibu. Pale hakusita. Kutwa nzima macho yake yalikuwa kwenye nyayo za shemeji yake huko juu, mikono ikisikia kila anavyojigeuza, na kichwa chake kikatulia kama nyumba watoto wakienda shule. Miaka yote ile kamba haikuwahi kumponyoka hata shibiri moja. Wapandaji wengine walimwonea Mjusi wivu, wakimwambia waziwazi: wewe hukuoa mke, umeoa shemeji.

Siku moja mchana walikuwa wanakula, wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Walikuwa watatu: Nanga, Mjusi, na jamaa mmoja wa kuchanganya rangi aliyeitwa Redio, kwa kuwa akishawashwa hazimiki. Redio alileta habari za mlinzi wa jengo la jirani, kwamba amejiua.

"Mwoga tu yule," Redio akasema, mdomo umejaa. "Mwanaume mzima unakimbia maisha? Na juzi tu nimetaniana naye getini, anacheka vizuri. Angekuwa na shida si angesema?"

"Mbinafsi," Mjusi akasema. "Ana watoto, ana mke. Hakuwafikiria hata kidogo."

Redio akainuka kwenda kuosha sahani yake, akiendelea kuongea hata alipokuwa peke yake. Nanga akabaki ameshika kijiko. Angeweza kutupia mzaha hapo mambo yakaisha. Mizaha alikuwa nayo tele. Lakini neno lile, mbinafsi, lilimkaa kooni likagoma kushuka.

"Siyo hivyo, shemeji," akasema.

"Siyo hivyo nini?"

"Watoto hakuwasahau. Huenda aliwafikiria mpaka akaona watapumua vizuri bila yeye. Ni uongo, lakini ukiwa ndani yake unauona ni ukweli mtupu."

Mjusi akacheka. "We naye. Umeyajulia wapi hayo?"

"Naishi nalo wazo hilo," Nanga akasema. "Siku nyingi sasa. Silifanyii kitu, ila lipo."

Mjusi akangoja mwisho wa utani, maana kwa Nanga utani hukawia kufika. Haukufika. Akaacha kutafuna. Akamtazama shemeji yake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

"Hata ukiwa umenishika?"

"Hapo ndipo halipo. Hapo tu, shemeji."

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu mambo yaliharibikia hapa. Nanga alisema maneno mawili: kwamba wazo lipo, na kwamba kwenye kamba halipo. Mjusi akaondoka na la kwanza, la pili akaliacha pale chini pamoja na makombo. Simlaumu sana. Wewe ungekuwa ndiye unayening'inizwa, huenda nawe ungesikia nusu.

Mchana ule alipanda. Aliuliza "Upo?" kwa sauti ndogo, akajibiwa "Nipo," na akapanda. Lakini huko juu alikuwa haangalii ukuta, anaangalia chini. Rangi ikamchuruzika, akaacha pande zima bila rangi chini ya dirisha, na kabla jua halijalegea akaashiria ateremshwe. Akasema kichwa kinamuuma. Nanga akamteremsha taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyesinzia. Mjusi alipokanyaga ardhi alijifungua mkanda haraka haraka na hakusema asante, neno ambalo hakuwahi kulisahau tangu waanze kazi.

Jioni ile Mjusi akamwambia mkewe. Mkewe akamwambia mama. Mama akamwita mjomba, na huo ndio unaitwa kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Kesho yake wote walikuwa chumbani kwa Nanga: mama amekaa kitandani, mjomba kwenye kiti pekee, dada amesimama mlangoni, Mjusi nje anajifanya anaongea na simu. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Wazee walikuwepo, na neno likaharibika vilevile.

"Tumekukosea nini, kaka?" dada akaanza, machozi tayari. "Sema tu. Nani kakukosea?"

"Hakuna aliyenikosea."

"Basi ni upweke," mama akasema. "Nilikwambia uoe. Mtu akilala peke yake ukuta unamsemesha."

"Mama, si hilo."

"Mawazo," mjomba akasema, na neno hilo akalitamka kama mtu anayetaja mafua. "Kila mtu ana mawazo. Mimi nimezika watoto wawili, mbona nipo? Mwanaume anajikaza. Kwanza ukisema maneno kama hayo unayaita. Omba Mungu, fanya mazoezi, kula mboga."

Nanga alitaka kuwaeleza. Alikuwa na maneno, tena aliyatafuta kwa miaka. Alitaka kuwaambia kwamba hataki kufa kama mtu anavyotaka chai. Kwamba ni kama kubeba gunia ambalo wenzako hawalioni, halafu wanakuuliza mbona unatembea umeinama. Lakini dada alikuwa analia kwa kwikwi, mama amemshika mkono, na alipofungua mdomo yalitoka mengine kabisa.

"Samahanini. Nilikuwa nimechoka tu siku ile. Nimewatia hofu bure."

Ukaona walivyopumua. Mama hata akatabasamu. Mgonjwa ndiye aliyewapa pole wazima, wakapokea, wakaridhika. Walipokuwa wanaondoka mjomba alitoa bisibisi mfukoni, akafungua komeo la mlango kwa ndani ili Nanga asiweze kujifungia, akaondoka nalo. Juma halikuisha, mtu asiyejulikana akaingia kupitia mlango huohuo usio na komeo, akabeba redio na pasi. Nanga alicheka peke yake aliporudi akakuta meza tupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini watu wa kuja kukitengeneza hawakosekani.

Asubuhi iliyofuata kikao kile, msimamizi alimwita ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lenye feni. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema kwa haki kabisa. Alimkaribisha kiti, akammiminia maji kwenye glasi, akafunga mlango.

"Shemeji yako amekuja kwangu," akasema. "Amekuja kwa upendo, usimchukie. Anaomba usishike tena kamba."

"Bosi, kamba haijawahi kuniponyoka."

"Najua. Lakini elewa na upande wetu. Mtu asiyeyataka maisha yake, ya mwenzake atayatunzaje?"

Nanga akaitazama ile glasi. Kwake mambo yalikuwa kinyume kabisa: maisha yake mwenyewe hakuyaona thamani, ya mwenzake aliyahesabu pumzi kwa pumzi. Alijaribu kulisema hilo.

"Kamba ndiyo inayoniweka, bosi. Nikiwa nimeishika ndipo napata nafuu. Ukiniondolea hiyo sijui nitashika nini."

Msimamizi akasikia neno "sijui" tu, akaogopa zaidi. Akampa kazi nyepesi, ya kuchanganya rangi na kuosha brashi ghalani. Mshahara uleule. Pumzisha akili, akamwambia, na alimaanisha mema. Redio ndiye akapewa kamba. Wote waliafiki, Mjusi wa kwanza: Redio anacheka, Redio anapenda watu, Redio ana mipango ya kununua pikipiki. Mtu wa namna hiyo, walisema, anayapenda maisha.

Ghala lilikuwa na dirisha moja dogo na harufu ya mafuta ya taa. Hakuna wa kuongea naye, hakuna wa kumtazama nyayo. Wazo lilihamia humo asubuhi ya kwanza, likajitandaza. Lilikuwa na siku nzima sasa. Wenzake wakija kuchukua rangi walishusha sauti mlangoni kama wanaingia kwenye msiba. Mmoja alimpiga mgongoni akamwambia, "Cheka basi, maisha matamu." Mwingine alikuwa anapokea ndoo bila kumgusa vidole. Mizaha yake nayo ilikufa, kwa sababu kila akitania watu walitazamana. Hakujua kama ni wazo lililokua au ni yeye aliyepungua. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza aliliogopa kweli.

Akaenda zahanati. Alikaa kwenye benchi nusu siku kati ya watoto wanaokohoa, na alipoingia akamwambia muuguzi kuwa halali vizuri. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi. Alimpima presha, akamtazama.

"Unafikiria kufa?" akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia kama ana mzio wa dawa.

"Ndiyo."

Hakudondosha kalamu, wala hakumpa pole ya haraka. Aliuliza tangu lini, analala wapi, nani anakaa naye. Nanga alijibu yote, na akashangaa jinsi kujibu kulivyokuwa kwepesi mbele ya mtu asiyeogopa.

"Na kitu gani kimekushikilia mpaka leo?" muuguzi akauliza.

"Kazi yangu. Nashika kamba ya mpandaji."

"Basi hiyo usiiache, mwanangu. Chochote kitakachotokea, hiyo usiiache. Na Alhamisi uje, daktari wa mambo haya anakuwepo."

Nanga akaitikia, "Sawa, mama." Atamwambia nini? Nje kulikuwa na foleni ndefu, na mama yule ndiye mtu pekee aliyesema jambo la maana. Ushauri wake ulichelewa siku chache tu.

Jumanne walikuwa wanamalizia upande wa nyuma wa jengo. Nanga alitoka ghalani na ndoo mbili za rangi. Mjusi alikuwa juu sana, karibu na paa. Redio alikuwa chini, ameshika kamba kwa mkono mmoja, ule wa pili anautumia kusimulia, kwa sababu alikuwa amempata msikilizaji, mpita njia mmoja aliyesimama na mkoba wake. Nanga akatazama nguzo ya chuma. Kamba ilikuwa imezungushwa mara moja tu.

Hakupata hata nafasi ya kuonya. Redio alifika penye utamu wa hadithi, akanyoosha mkono kuonyesha urefu wa samaki au wa mwanamke, Mungu ndiye anajua, na kamba ikaanza kukimbia. Ilimvuta, ikampiga chini kifudifudi, ikamwacha. Ndoo za Nanga zilianguka. Aliirukia kamba ile kwa mikono miwili, ikamchoma, ikamburuta mpaka mguu wake ukapata nguzo, akajikaza kwa uzito wote aliopewa na mama yake. Kamba ikasimama. Huko juu kibao kikayumba, kikagonga ukuta, kikatulia, na Mjusi akiwa bado yuko juu yake.

Kisha Mjusi akatazama chini.

Alichokiona ni hiki: Redio amelala kifudifudi kwenye vumbi, na Nanga ndiye mwenye kamba.

"Mtoeni!" akapiga yowe. "Mtoeni kwenye kamba! Ataniua!"

Watu wakaja mbio kutoka kila upande. Wakamkuta Nanga amekakamaa, macho juu. Wakamwambia achia. Hakuachia. Ulitaka aachieje, na nani mwingine ameshika? "Zungusheni kwanza," alikuwa anasema, "zungusheni mara mbili, mmoja ashike, aseme yupo, ndipo niachie." Hakupiga kelele, alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wao wakasikia mwendawazimu anayekataa kuachia. Mmoja alimkaba shingo, wawili wakaanza kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine, na yeye anawasihi wazungushe. Mwishowe msimamizi mwenyewe akaizungusha, akashika, na hapo vidole vikalegea vyenyewe.

Redio aliulizwa. Alikuwa na mdomo umevimba, ana mke mjamzito, na msikilizaji wake alishakwenda zake. "Sijui," akasema, bila kumtazama mtu. "Nilishtukia niko chini, na yeye ana kamba." Ndiyo mara pekee Redio aliyozima mapema. Mengine watu walijimalizia wenyewe, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua: alitaka kufa, akataka kuondoka na shemeji yake.

Nanga alirudishwa nyumbani. Alikaa kitandani, mikono imegeuzwa juu mapajani kwa kuwa haikuweza kugusa kitu. Mlango usio na komeo ukasukumwa, akaingia dada yake. Hakusalimu. Alikuja hadi penye kitanda.

"Kama umechoka, kaka, umechoka," akasema. "Lakini mume wangu amekufanya nini?"

Nanga akatafuta pa kuanzia. Aanze na Redio? Aanze na mara mbili na mara moja? Aseme nini ambacho watu wengine hawajamsemea tayari? Na akieleza vizuri mpaka dada akaamini, kesho Redio hana kazi, na mkewe karibu anajifungua. Akainua tu mikono, kidogo, ili aone.

Dada akaiona. Viganja vilikuwa vimechunika kutoka kidole hadi kifundo. Uso wake ukabadilika, hasira ikamtoka yote kwa mara moja, akapiga magoti mbele yake.

"Ona sasa," akasema, analia. "Umeanza kujiumiza."

Alitafuta maji, akatafuta kitambaa safi, akakichana. Aliviosha vile viganja kwa upole, kama mtu anayeosha vyombo vya kuazima, akivipuliza ili visiwashe. Nanga alimwambia kwamba Alhamisi ana miadi zahanati. Dada akasema wataona, kwanza hatatoka peke yake tena, na mjomba naye lazima aulizwe. Alifunga mkono wa kulia, akafunga wa kushoto, akafunga fundo, akaishika yote miwili pamoja.

"Niahidi," akasema. "Niahidi hutafanya tena ulichofanya leo."

Alikuwa anamtazama machoni, na alikuwa anampenda. Hilo hata yeye Nanga hakulitilia shaka. Wazo nalo lilikuwepo, kwenye kiti chake, limenyamaza.

"Sitafanya tena," akamwambia.